Kikombe cha Umm Ghanim

Doha, 21 Novemba 1994

Shangazi Kaltham mpenzi,

Salamu za nyumba nzima zikufikie huko Kuwait, hata za wale wasiojua kwamba nakuandikia. Msalimie sana baba mdogo Nasir na watoto wake. Bibi anaumwa magoti lakini hataki kusikia habari ya daktari. Anasema magoti ni yake na yeye ndiye anayeyajua. Kaka Fahad amenunua gari jeupe. Kila Alhamisi jioni anakwenda nalo Kornishi, barabara ile ya ufukweni, mpaka mwisho, anageuza, anarudi mpaka mwanzo, halafu anafika nyumbani anasema amechoka. Baba humuuliza, "Umechoka na nini, na kazi yote imefanywa na gari?"

Mimi nimemaliza shule, kama ulivyosikia. Rafiki zangu wawili wameposwa. Mimi nasubiri, ila sijui nasubiri nini. Asubuhi naangalia mchezo wa Kimisri kwenye televisheni na Mama, mchana nalala, jioni namwagilia mpera. Lakini Bibi amenipa kazi moja inayonitia homa. Kwa kuwa si mwanafunzi tena, lazima nimimine kahawa katika kikao chake cha wanawake kila Jumanne asubuhi. Wewe unajua mimi nikitazamwa na watu watatu husahau jina langu. Mara ya kwanza mkono ulitetemeka, kahawa ikamwagika kwenye buibui la mgeni. Bibi akasema mbele ya wote, "Anamimina kama anazima moto." Walicheka sana.

Nifundishe, shangazi. Mama anasema hakuna mwanamke mtaani aliyekuwa akimimina kahawa kama wewe. Alisema hivyo kwa sauti ndogo, kisha akaangalia mlangoni. Na hilo ndilo jambo la pili. Kwa nini jina lako likitajwa wanawake wanatazama zulia? Na kwa nini huji, hata Idi?

Simu iko sebuleni na masikio ya nyumba hii ni mengi. Jibu kwa sanduku la posta la kazini kwa Fahad. Ameapa hatafungua.

Mtoto wako,
Wadha


Kuwait, 12 Desemba 1994

Wadha, binti wa kaka yangu,

Barua yako nimeisoma jikoni, nimesimama, mpaka wali ukaungua. Nasir amekula wali ulioungua bila kuuliza; ndiyo sababu naishi kwake kwa amani. Anakusalimu. Watoto wake wana mafua yanayozunguka, huyu akipona anamwambukiza yule. Hapa baridi imeanza, watu wanapiga mahema jangwani, na kila Ijumaa tunakwenda kukaa mchangani na majirani. Wanaume wanachoma nyama, sisi tunachoma watu kwa maneno. Mimi husikiliza tu.

Kahawa sasa. Simama, usikae. Birika la dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, na vikombe vigongane kidogo ili mgeni ajue umefika. Anza na mkubwa wao. Mimina kidogo sana, chini tu ya kikombe, kiasi cha kufunika ncha ya kidole. Akimaliza umwongeze, mpaka mwenyewe akitikise kikombe, maana yake ametosheka. Usimtazame usoni, tazama mkono wake. Mtu mwenye haya ana bahati katika kazi hii, kwa sababu hutakiwi kusema neno.

Mambo mawili uyajue hata kama hutayahitaji. La kwanza, usijaze kikombe kamwe. Kikombe kilichojaa kwetu ni matusi. Unamwambia mgeni, kunywa chako kimoja uondoke. Kuna watu waliowahi kupigana kwa ajili hiyo. La pili, mgeni akipokea kahawa akaiweka chini bila kuinywa, ana ombi. Mwenye nyumba lazima amwambie, "Kunywa, umepata." Akimkatalia, aibu ni ya nyumba. Mgeni akiondoka bila kunywa, habari inafika mjini kabla yake.

Swali lako la pili sina jibu lake leo. Mpera ule niliupanda mimi, usiumwagilie kupita kiasi.

Shangazi yako


Doha, 14 Januari 1995

Shangazi mpenzi,

Tunakuombea afya. Mvua imenyesha vizuri mwaka huu. Wanaume wamekwenda jangwani kutafuta uyoga wa ardhini, na Fahad alirudi na kikapu kilichojaa, akidai ameuchimba mwenyewe. Mama akaukuta umefungwa kwa karatasi ya sokoni. Bibi ameanguka bafuni. Hakuvunjika, ila sasa anatembea kwa fimbo na hasira zimeongezeka.

Nimejifunza kahawa. Mkono hautetemeki tena. Natazama mikono tu, na sasa naijua mikono ya mtaa mzima kuliko nyuso zao.

Nakuandikia kwa sababu nyingine. Jumanne alikuja Umm Ghanim, yule wa nyumba ya kona yenye geti la kijani. Nilipomfikia akanishika kidevu, akaninyanyua uso.

"Huyu ndiye binti wa Abdalla? Mashallah, kakua. Na macho haya nayajua." Akawageukia wenzake. "Mchungeni, jamani. Macho haya yakiliona gari limesimama, hayapiti!"

Wakacheka. Wengine walicheka ndani ya shela zao, lakini nilisikia. Nilimtazama Bibi. Shangazi, Bibi alisema tu, "Chukua tende, Umm Ghanim."

Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Kisha nikamshika Mama mpaka akaniambia. Kwamba miaka sita iliyopita Umm Ghanim alipita nyumba kwa nyumba akisema amekuona wakati wa magharibi ukishuka kwenye gari la mwanamume mgeni pale Kornishi. Kwamba mume wako Mubarak alikuletea talaka mkononi mwa dereva. Kwamba mwaka haukwisha akamwoa Nura, binti wa huyo huyo Umm Ghanim. Nilimuuliza Mama, "Na ninyi mlifanya nini?" Akasema, "Tulisubiri yapoe."

Hayajapoa, shangazi. Mimi ni mwoga, sijawahi kumjibu mtu, hata mwalimu aliyenionea shuleni. Lakini tangu Jumanne ile nikilala namwona yule mwanamke akicheka na kokwa ya tende mdomoni, na nataka lile cheko limkwame. Sijui namna. Niambie ukweli wa gari lile. Nataka kuujua kutoka kwako.

Wadha


Kuwait, 20 Februari 1995

Wadha mwanangu,

Ramadhani njema. Nimechelewa, najua. Watoto wa Nasir katikati ya mwezi walizunguka nyumba za jirani wakiimba, wakarudi na mifuko ya karanga na peremende, na sasa hakuna anayefuturu sawasawa. Nasir amenenepa. Anasema ni suruali ndiyo iliyopungua. Mwambie Bibi fimbo aishike upande wa goti zima, si upande wa goti bovu. Usimwambie ni mimi niliyesema.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikachana. Haya basi.

Gari lilikuwa la kukodi. Mwanamume alikuwa Nasir. Lake lilikuwa gereji, nami nilitaka upepo wa bahari, akanipeleka. Umm Ghanim alikuwa anatembea pale na Nura. Nasir akateremsha kioo, akamwambia, "Habari za nyumbani, Umm Ghanim?" Naye akamjibu, "Nzuri, Nasir, msalimie mama." Kwa jina lake, Wadha. Alimwona kama ninavyoiona karatasi hii.

Nasir alikwenda kwa Mubarak akamweleza yote. Mubarak akasema, "Kaka atasema lolote kwa dada yake." Baada ya hapo sikuwa na la kumwambia mwanamume huyo, wala leo sina. Nura akae naye, ndoa ile ni adhabu ya kumtosha. Nasikia Mubarak anahesabu hata vijiti vya kibiriti.

Lakini Umm Ghanim ni jambo jingine. Watu huniambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, na kila asubuhi namuuliza Mungu amefikia wapi. Nikisikia ana harusi, naiombea upepo wa mchanga. Nikisikia anaumwa, naomba apone, kwa sababu sitaki afe kabla. Kabla ya nini, sijui. Usinione mbaya.

Mama yangu alikuwa amekaa pale pale anapokaa sasa, siku maneno yale yalipoingia nyumbani. Hilo silizungumzi.

Wewe mimina kahawa yako. Una miaka yako mbele.

Kaltham


Doha, 28 Machi 1995

Shangazi,

Idi ilikuwa nzuri, nguo yangu ilikuwa ya zambarau. Bibi ameihamisha fimbo upande mwingine na anatembea vizuri zaidi. Anasema aligundua mwenyewe.

Habari ya mtaani ni moja: Umm Ghanim anakwenda Hija mwaka huu. Mwanawe amemlipia msafara mzuri, wenye hema la kiyoyozi. Sasa anapita kila nyumba akiomba radhi, kama wafanyavyo mahujaji. Anaingia, anakunywa, anasema, "Kama nimekukosea lolote nisamehe," wanamjibu, "Umesamehewa duniani na akhera," anaondoka na kipande cha keki. Kwa Umm Hamad alikaa muda mfupi kuliko mtu anayekuja kuazima chumvi.

Kwetu atakuja Jumanne ya tarehe kumi na moja. Ametuma ujumbe.

Bibi amenunua iliki mpya na zafarani. Nimemuuliza kwa nini. Akasema, "Mgeni ni mgeni."

Sikuambii ninachofikiri. Najua utanikataza.

Wadha


Kuwait, 8 Aprili 1995

Wadha,

Nimepata barua yako sasa hivi. Chochote unachofikiri, usikifanye. Wewe ni msichana hujaolewa na mji wetu ni mdogo, jina lako litaliwa kama langu. Mwombe mama yako ashike yeye dele siku hiyo. Sema unaumwa.

Nasir anakusalimu. Nimesema usifanye.

Shangazi yako


Doha, 12 Aprili 1995

Shangazi Kaltham mpenzi,

Natumaini nyote wazima. Kesho mashindano ya mpira ya vijana wa dunia yanaanza hapa kwetu, mji umejaa wageni na bendera, na Fahad anaongea na kila mtu kana kwamba yeye ndiye kocha. Haya, salamu zimetosha. Vidole vyangu bado vina baridi.

Walikuja wanawake wengi jana, wengine nilikuwa siwajui, kwa sababu kila mtu alitaka kuona Umm Ghanim ataomba radhi vipi nyumbani kwetu. Chumba kilijaa mpaka mlangoni. Alikuja amejifukiza udi, akakaa mkono wa kulia wa Bibi. Akasifu pazia. Akasifu tende. Nikaingia na dele.

Nilianza kwa Umm Hamad kwa kuwa ndiye mkubwa wao, kisha Bibi, nikamimina kama ulivyonifundisha. Nilipofika kwa Umm Ghanim niliutazama mkono wake. Una pete tatu. Nikamimina. Nikaendelea kumimina. Nikamimina mpaka kahawa ikasimama juu ya ukingo wa kikombe, nikampa. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo.

Mama aliitia chai sukari mara mbili. Umm Ghanim akakipokea kikombe, ikabidi akishike kwa mikono miwili, na kahawa ikamchoma kidole. Uso wake uligeuka mwekundu, kisha ukarudi. Na hapo, shangazi, nikaona yeye ni mjanja kuliko mimi. Alitabasamu. Akakiweka kikombe chini kwenye zulia, taratibu, bila kukinywa.

"Mama Abdalla," akamwambia Bibi, "kahawa yenu siinywi mpaka nipate ninachokitaka. Nataka radhi ya nyumba hii. Kwa lolote lililopita."

Aliyageuza matusi yangu yakawa ombi lake, na ombi la kikombe halikataliwi. Nilijua Bibi atasema, "Kunywa, umepata," na mambo yako yatakuwa yamekwisha, kwa maneno mawili na kipande cha keki. Nikamwona Bibi anafungua mdomo.

Umm Hamad ndiye aliyeniokoa. Unajua sikio lake la kushoto limekufa.

"Anataka nini?" akauliza kwa sauti ya mwadhini.

"Radhi, Umm Hamad," wakamwambia.

"Radhi ya nini?"

"Ya lolote," akasema Umm Ghanim.

"Ya nani?"

"Ya lolote!"

"Lolote ni nani? Mimi simjui. Mtu anayekwenda kwa Mungu ataje alichofanya. Mungu si karani, anajua. Taja!"

Mtu mmoja akacheka huko nyuma. Umm Ghanim akasema haraka, kama anayetema kokwa, "Yale ya Kaltham. Yale ya gari."

"Gari lipi?"

"La Kornishi."

"Ah! Lile la yule mwanamume mgeni?"

Nilikuwa bado nimesimama mbele yake na dele. Shangazi, sijui nilikotoa sauti. Nilisema, "Lilikuwa la nani, Umm Ghanim? Ulimjibu nani pale, ulipomwambia amsalimie mama yake?"

Akanitazama. Nadhani alidhani hakuna aliyehifadhi neno lile. Macho yake yakaenda kwenye kikombe, yakaenda kwa Bibi, yakaenda kwenye mlango uliojaa wanawake. Angeweza kusema uongo tena. Lakini alikuwa ameshaomba radhi, na Hija iko mbele yake. Akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Nasir. Alikuwa Nasir."

"Nani?" akauliza Umm Hamad.

"Nasir!" wakajibu wanawake wote pamoja.

Mikono yote niliyoizoea ilikuwa imesimama hewani na vikombe vyake. Bibi alikuwa ameshika fimbo kwa nguvu. Akasema, "Kun..." nami nikamkata Bibi, Mungu anisamehe. Nikasema, "Bibi, ombi hili si lako kulitoa. Aliyekosewa hayupo hapa. Yuko Kuwait. Kikombe nimemimina mimi, na mimi nasema ombi liende kwake."

Nilingoja kofi. Bibi alilegeza mkono kwenye fimbo. Kisha akasema, bila kunitazama, "Msichana amesema."

Umm Ghanim aliinuka. Kikombe kilibaki kwenye zulia kimejaa. Mlangoni wanawake walimfungulia njia pana, pana kuliko alivyohitaji, na mmoja akamwambia, "Hija njema, mama, uchukue maji mengi." Kabla ya adhana ya adhuhuri mama yake Mubarak alikuwa ameshasikia.

Bibi hajasema nami tangu jana. Lakini asubuhi hii nimemkuta jikoni, anauliza watu kama wanajua ndege za Kuwait zinafika siku gani.

Wadha wako


Kuwait, 20 Aprili 1995

Wadha,

Barua hii anakuletea rafiki wa Nasir kwa mkono wake, kwa sababu siiamini posta na jambo hili. Ile niliyokukataza najua imekukuta baada ya kwisha. Posta ina akili kuliko mimi. Labda nilipokuandikia habari ya kikombe kilichojaa nilikuwa nakufundisha tu adabu. Labda. Usiniulize.

Umm Ghanim amepiga simu. Nasir alipokea, akasikia sauti, akaniletea simu. Alilia. Alisema msafara unaondoka siku za mwanzo za Mei na hawezi kwenda na mzigo huu, kwamba mwanawe amelipa, kwamba Nura hazungumzi naye. Nilimwacha alie. Nitakuambia kweli, mwanangu, kwa sababu umestahili kweli: nilivuta kiti nikakaa vizuri, nikasikiliza mpaka mwisho, na miaka hii sijasikiliza kitu kwa raha kama ile.

Kisha nikamwambia radhi yangu ina njia. Apite nyumba zile zile alizopita mwaka ule, kwa miguu, asubuhi, wakati wanawake wamekaa. Asiseme "lolote." Aseme, "Nilimwona Kaltham na kaka yake, nikasema uongo, kwa sababu nilimtaka mume wake kwa binti yangu." Aanze kwa mama yake Mubarak. Akauliza, "Nyumba zote?" Nikamwambia anazijua yeye, mimi sikuwapo. Akasema joto limeanza. Nikamwambia joto la Makka ni kali zaidi, ajizoeze.

Amekubali. Anaanza Jumapili. Wewe utatembea naye, hatua moja nyuma, usiseme neno. Kusimama kimya unakuweza kuliko mtu yeyote. Akiruka nyumba, mshike buibui. Akifupisha maneno, kohoa. Usimhurumie kabla sijakwambia, na sina hakika kama nitakwambia.

Nyumba ya mwisho ni yetu. Afike huko Alhamisi, mbele ya mama yangu. Mama naye nina maneno naye, lakini hayo ni yetu wawili.

Usimwambie Bibi, wala Fahad, ambaye hawezi kunyamaza hata akilala. Mimi na Nasir tunafika Jumatano na ndege ya jioni. Nitaingia kwa mlango wa jikoni.

Alhamisi Umm Ghanim akibisha, kaeni nyote mlipo. Mlango nitafungua mimi.

Kaltham